Alumini, shaba, au shaba yenye almasi: ipi ibebe joto la chipu yako?

Taa ililetwa dukani asubuhi ikiwa bado inanuka dagaa. Mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, mzee mmoja wa mwalo wa Kibirizi, aliiweka juu ya meza, akaitikia shikamoo yangu na kujiegemeza kwenye benchi kama mtu aliyekesha ziwani, maana kweli alikuwa amekesha. "Fundi, hii ukiiwasha inawaka vizuri. Nusu saa tu, inaanza kufifia. Dagaa wakishakusanyika, yenyewe inasinzia. Enzi za karabai hatukuwa na mambo haya."

Nikafungua skrubu nne. Ndani mna chipu moja ya LED ya wati 50, mraba wa milimita 20 kwa 20, imekalia hitisinki, yaani kipoza joto, ya alumini yenye mapezi. Kati ya chipu na alumini palipaswa kuwa na pesti ya joto, ule uji unaojaza mianya ili joto livuke. Fundi aliyetangulia alipaka grisi ya bearingi. Ilishayeyuka ikakimbilia pembeni, ikaacha duara la rangi ya chai, katikati pakavu kabisa. Ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo ya chuma kitupu.

Mpwa wangu anasoma uhandisi na yuko likizo hapa Kigoma. Alikuwa amesimama nyuma yangu anachungulia. "Mjomba, tatizo ni hii alumini. Siku hizi kuna shaba iliyochanganywa na almasi. Alumini ya hitisinki inapitisha joto kama 200, ile inafika 600. Mara tatu!"

Namba zake ni za kweli. Nilimwambia nitamjibu tukimaliza taa, na jibu lenyewe ndilo hili, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Wanaounda amplifaya za kumbi wanauliza, wenye inveta za sola wanauliza, na mtandaoni kila muuza pesti siku hizi ameandika "almasi" kwenye bomba lake. Basi tuziweke bega kwa bega tuone ipi inafaa wapi.

Namba zenyewe

Upitishaji joto hupimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini. Chukua bonge la kitu fulani lenye unene wa mita moja na uso wa mita moja ya mraba, upande mmoja uwe na joto zaidi ya mwingine kwa digrii moja tu. Wati zinazovuka humo ndiyo namba ya kitu hicho. Kuanzia hapa nitaandika namba tupu.

| Kitu | Upitishaji joto | Upanukaji kwa kila digrii (sehemu kwa milioni) | Uzito (gramu kwa sentimita ya ujazo) |
|---|---|---|---|
| Alumini safi | 237 | 23 | 2.7 |
| Alumini ya mapezi (aloi 6063) | kama 200 | 23 | 2.7 |
| Shaba nyekundu safi | 400 | 17 | 9.0 |
| Fedha | 430 | 19 | 10.5 |
| Shaba na tungsteni | 180 hadi 220 | 6.5 hadi 9 | 15 hadi 17 |
| Alumini na almasi | 400 hadi 500 | 7 hadi 9 | kama 3.1 |
| Shaba na almasi | 500 hadi 700 | 5 hadi 8 | kama 5.7 |
| Almasi peke yake | 1,000 hadi 2,200 | 1 | 3.5 |

Kabla ya kwenda mbali, neno kuhusu mstari wa shaba. Kiswahili chetu kinaita shaba vitu viwili. Shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, ndiyo yenye 400. Shaba ya njano, ya makoki na bawaba za milango, imechanganywa na zinki na haifiki hata 130. Inashindwa na alumini. Nimeshaletewa kipande kizito cha njano kinachong'aa, mwenyewe anajisifu kakipata bei poa kwa wauza vyuma chakavu, anataka kiwe hitisinki ya transista zake. Kikwangue kidogo kwa kisu kabla hujalipa. Na alumini nazo hazilingani: ile iliyokamuliwa kwenye umbo la mapezi ndiyo yenye kama 200, ila nyingi za kumiminwa kwenye kalibu, zenye silikoni ndani, ziko karibu na 100. Chuma kisichoshika kutu sikitaji hata kwenye jedwali. Kiko 15.

Kwa nini 400 na 1,500 zinaweza kuzaa 120

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, na ndipo mpwa wangu alipopitia mbio.

Ndani ya shaba joto hubebwa na elektroni, zilezile zinazobeba umeme. Almasi haina elektroni huru. Ni kaboni tupu, atomi nyepesi zilizofungana kwa nguvu, kiasi kwamba ukiitikisa moja mtikisiko unakwenda mbali kabla haujapotea. Ndiyo maana almasi hupitisha joto kuliko metali yoyote na hapohapo huzuia umeme. Kwa hiyo joto likitoka kwenye shaba kuingia kwenye chembe ya almasi, hubadilisha chombo.

Mtu wa Kigoma haitaji kuelezwa sana. Mzigo unatoka ng'ambo ya ziwa kwa meli, unafika bandarini, unapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati kwenda Tabora. Meli ikiwa na kasi ya ajabu na treni ikiwa na kasi ya ajabu, lakini wapakuaji wako wawili, mzigo utalala gatini. Wanafizikia wanakijua kizuizi hiki cha mpakani kwa jina la Pyotr Kapitza, Mrusi aliyepima mwaka 1941 jinsi joto linavyoruka ghafla penye mpaka wa kitu kigumu na heliamu ya kimiminika. Shaba na almasi si heliamu, lakini mpaka ni mpaka.

Piga hesabu ya kienyeji. Chukua almasi ya viwandani yenye 1,500, asilimia 60 ya ujazo, na shaba ya 400 asilimia 40. Ukijumlisha kwa uwiano unapata 1,060. Hakuna anayekuuzia 1,060. Anakuuzia 600, na pengine 700 kama kazi yake ni safi. Hizo 400 na ushee zimelala gatini. (Sehemu nyingine hupotea kwa sababu chembe hazigusani, zimetawanyika kama kokoto kwenye zege, na joto halina njia ya almasi tupu toka mwanzo hadi mwisho.)

Sasa tuseme mpaka umefungwa kabisa, chembe zimekaa ndani ya shaba kama kokoto zenye vumbi zisizoshikwa na saruji. Kwa joto, kila chembe ni tundu. Kanuni aliyoitoa James Clerk Maxwell mwaka 1873 inakuambia shaba yenye matundu ya asilimia 60 inashuka mpaka kama 120. Umenunua almasi, ukapata kitu kibaya kuliko shaba ya waya na kibaya kuliko alumini ya dirisha.

Na hilo si la kufikirika tu, kwa sababu shaba iliyoyeyuka haipendi almasi. Haiilowanishi. Inajikunja juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Ikipoa, kati yao unabaki mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Mafundi wa maabara walichofanya ni kuweka mshenga: kromiamu kidogo, au boroni, au titani, au zirkoniamu. Elementi hizi zinajua kaboni. Zikiguswa na almasi kwenye joto kali huunda kabidi, ngozi nyembamba iliyoshika almasi upande mmoja na shaba upande wa pili. Ngozi ikiwa na mianya, joto halivuki vizuri. Ikiwa nene mno, yenyewe inakuwa kizuizi, maana kabidi haipitishi joto kama shaba. Kazi yote ya ustadi iko kwenye unene wa ngozi hiyo, ambayo hupimwa kwa sehemu ndogo za mikroni (mikroni ni elfu moja ya milimita).

Ukubwa wa chembe nao una maneno yake. Ukisaga almasi iwe unga wa mikroni 5, umeongeza mipaka ya kuvuka katika kila milimita, umejiongezea bandari. Chembe za mikroni 100 hadi 200, kubwa kama punje za sukari laini, hupunguza vituo. Kwa hiyo wauzaji wawili wanaweza kuandika "shaba na almasi, asilimia 60", mmoja akawa na 650 na mwingine 250, na kwa macho vipande vinafanana. Swali la kumuuliza muuzaji siyo kiasi gani cha almasi. Muulize chembe zina mikroni ngapi, zimefunikwa kwa nini, na namba ya upitishaji imepimwa au imekadiriwa.

Hata waliotangulia walikumbana na hilo. Miaka ya 1990 maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani ilitengeneza kompositi, yaani kitu cha mchanganyiko, iliyoitwa Dymalloy, chembe za almasi ndani ya aloi ya fedha na shaba. Namba yake ilikuwa kama 420. Yaani almasi yote ile, na matokeo yalikuwa sawa na shaba tupu. Lakini wao hawakuona wamepata hasara, na sababu iko kwenye safu ya upanukaji ya jedwali.

Upanukaji: safu ambayo watu hawaisomi

Kila aliyepanda treni ya zamani kwenda Tabora anaujua mlio wa magurudumu kwenye viungio vya reli. Mianya ile iliachwa makusudi. Reli ya urefu wa mita 12, jua likiipandisha digrii 30, hurefuka kama milimita 4. Bila mwanya itapinda.

Chipu iliyolehemiwa juu ya bamba haina mwanya. Chipu ya galiamu naitraidi, zile za mitambo ya masafa ya juu, hupanuka kama 5.6 kwa milioni kwa kila digrii; silikoni 2.6. Shaba ni 17. Washa, zima, washa, zima, bamba linavuta huku chipu imebana kule. Kwenye chipu ya milimita 5 na mabadiliko ya digrii 100, tofauti kati ya shaba na galiamu naitraidi ni kama mikroni 5.7. Ni kidogo kuliko unywele, na inatosha kupasua lehemu kidogo kidogo mpaka iachie.

Ndiyo maana kwa miaka mingi chipu kali ziliwekwa juu ya shaba na tungsteni, ambayo upanukaji wake unaweza kusogezwa mpaka 7 hivi. Ila inapitisha joto kama alumini ya kawaida na uzito wake ni karibu mara mbili ya shaba. Kwenye setilaiti, ambako kila gramu inalipiwa, huo ni mzigo. Shaba na almasi inakupa upanukaji uleule, upitishaji mara tatu, na uzito theluthi. Hapo ndipo ushindani wake wa kweli ulipo. Mpinzani wake ni tungsteni. Ukiilinganisha na alumini ya taa ya dagaa unalinganisha meli na baiskeli: zote zinabeba mzigo, ila hazikutani njiani.

Nani aishike almasi: shaba, alumini au fedha?

Fedha ndiyo yenye namba nzuri na bei mbaya. Tuiache.

Alumini ni nyepesi, huyeyuka kwa 660 badala ya 1,085 ya shaba, na haihitaji mshenga, maana yenyewe huunda kabidi na kaboni. Ni faida, na ni balaa pia. Kabidi ya alumini haipatani na maji. Ikikutana na unyevu huvunjika polepole, ikatoa gesi ya metheni na kuacha unga mweupe. Mtengenezaji akiacha alumini ya moto ikae na almasi muda mrefu, kabidi inakuwa nyingi. Kipande kinatoka kiwandani kikiwa kizima na kinaanza kuoza mpakani kikikaa kwenye hewa yenye unyevunyevu. Sasa fikiria kifaa kinacholala ndani ya mtumbwi Tanganyika kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili. Watengenezaji wazuri hupunguza muda wa kugusana na hufunika uso kwa nikeli, na kompositi hiyo ikifungwa kwenye boksi lisilopitisha hewa inadumu. Kwa kazi ya nje, penye maji, mimi ningechagua shaba, uzito nitauvumilia.

Almasi yenyewe, kabla hujauliza, haitoki Mwadui. Mgodi wa Williamson kule Shinyanga, uliogunduliwa mwaka 1940, unajulikana kwa vito, kikiwemo kile cha waridi alichopewa Elizabeth kabla hajawa malkia. Chembe za kompositi hutengenezwa viwandani kwa mgandamizo na joto kali, njia iliyofanikishwa na kampuni ya General Electric mwaka 1954. Nyingi zina rangi ya manjano kwa sababu ya naitrojeni iliyoingia ndani, na naitrojeni hiyo hupunguza upitishaji. Hiyo nayo ni sababu ya namba kutofautiana kwa wauzaji.

Tupige hesabu ya taa

Hapa nilimpa mpwa wangu kalamu.

Taa ya wati 50: tuseme wati 35 zinageuka joto, zilizobaki ni mwanga. Eneo ni sentimita 4 za mraba. Bamba la chini ya chipu lina unene wa milimita 2. Joto linapanda digrii ngapi kwa kuvuka bamba hilo tu?

Alumini ya 200: karibu digrii 0.9. Shaba ya 400: digrii 0.44. Shaba na almasi ya 600: digrii 0.29.

"Kwa hiyo almasi imeniokolea..." akanyamaza, akapiga tena. "Nusu digrii, na kidogo."

Endelea, nikamwambia. Pesti ya namba 3, unene wa milimita 0.1, ambao ni unene wa mtu anayepaka kama siagi: digrii 2.9. Ukiipaka nyembamba, milimita 0.03, inabaki 0.9. Kutoka mapezi kwenda hewani, kwa hitisinki ya ukubwa huu bila feni, kama digrii 1.2 kwa kila wati: digrii 42.

Sasa weka hewa mahali pa pesti, mwanya wa milimita 0.05 tu, chipu yote. Hewa ina 0.026. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Digrii 168. Bila shaka chipu huungua kabla haijafika huko, na kwa kweli haiwi imeachana na bamba kote, inagusa hapa na pale. Lakini sasa unaijua taa ya mzee inakufa kwa nini. Grisi ya bearingi ikiwa mbichi iko kwenye 0.15 hivi, sawa na mawese. Ikishakimbia, inabaki hewa.

Basi kwa kitu kipana chenye joto la wastani, bamba siyo kituo kinachochelewesha. Kinachochelewesha ni pesti na hewa ya nje. Ukiwa na pesa ya ziada, nunua alumini yenye mapezi makubwa zaidi, au feni, au ifunge hitisinki mahali ambapo upepo wa ziwa unaifikia badala ya kuificha ndani ya ndoo ya plastiki, mtindo nilioukuta kwenye taa tatu mwaka huu.

Sasa tugeuze meza. Chipu ya galiamu naitraidi, wati 50 za joto, eneo la milimita 1 kwa 5. Ni joto lisilozidi sana lile la taa, ila linapenya kwenye uso mdogo kama punje ya ufuta. Bamba la milimita 1: shaba na tungsteni ya 200 inapandisha digrii 50. Shaba tupu digrii 25, lakini itapasua lehemu. Shaba na almasi ya 600, chini ya digrii 17. Hesabu hii haijajumlisha joto linavyosambaa kando, kwa hiyo digrii halisi ni chache kuliko hizo, ila uwiano haubadiliki sana. Tofauti ya digrii 33 kati ya tungsteni na almasi si ya kudharau. Ndiyo inayoamua kama kipaza nguvu cha rada kitaongezwa wati au kitapunguzwa, kama leza itadumu. Hapo nusu digrii yetu imekuwa pesa.

Kukata

Fupi tu. Shaba na almasi huwezi kuipeleka kwa mchomeleaji wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma akutobolee matundu manne. Keekee itazunguka, italia, itakwisha makali kwenye chembe ya kwanza. Hukatwa kwa cheche za umeme kwa kutumia waya, kwa leza, au kwa jiwe la kunolea lenye almasi nalo, na mara nyingi hutolewa kiwandani ikiwa tayari na umbo lake. Ukikosea kipimo umekosea. Hakuna kupiga tupa. Alumini unaikata kwa msumeno wa mkono huku unazungumza na mteja.

Pesti yenye almasi

Mpwa wangu alikuwa na bomba lake, aliliagiza mtandaoni kwa hela ya matumizi. Kijivu, sindano ya plastiki, picha ya kito kwenye lebo. Akataka kujua: kama bamba la almasi halina maana kwenye taa, je, pesti?

Hapa nampa haki nusu. Ndani mna unga wa almasi wa mikroni chache ukielea kwenye mafuta. Yale ya chembe na mipaka yamerudi: kila punje imezungukwa na mafuta, kwa hiyo ile 1,500 haionekani tena. Pesti nzuri za aina yoyote, ziwe na almasi, fedha au oksidi ya zinki, ziko kati ya 1 na 10 na ushee. Ya almasi ikiwa ya kweli inaweza kukaa upande wa juu. Inayo faida moja ninayoipenda: haipitishi umeme, kwa hiyo ikichuruzika kwenye miguu ya transista haileti shoti, tofauti na pesti za metali. Lakini kutoka pesti ya 3 hadi ya 8 kwenye taa yetu, ikipakwa nyembamba, unaokoa nusu digrii tu. Kutoka kupaka nene hadi kupaka nyembamba kwa pesti ileile ya bei rahisi unaokoa digrii 2. Mkono unashinda bomba.

Mimi ningechukua nini

Taa za uvuvi, inveta za nyumbani, amplifaya za kumbi: alumini ya mapezi, na usione haya. Ya kukamuliwa, siyo ya kumiminwa, kama unaweza kuchagua. Transista kadhaa zenye joto kali zimekaa eneo dogo, mfano kwenye kirusha matangazo cha redio ya FM au inveta kubwa: weka bamba la shaba nyekundu la milimita 3 hadi 5 chini yake, kisha alumini. Shaba inasambaza, alumini inatoa nje. Mchanganyiko huo umenisaidia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na shaba unaipata kwenye baa za umeme zilizotolewa kwenye paneli kuukuu.

Shaba na almasi nunua pale ambapo mambo matatu yamekutana: uso wa chipu ni wa milimita chache tu, chipu inalehemiwa moja kwa moja kwenye bamba, na njia ya kutoa joto baada ya hapo, maji au mapezi makubwa, imeshakuwa nzuri kiasi kwamba haina tena la kuongezwa. Moja likikosekana, pesa yako italala gatini. Alumini na almasi ni kwa masharti hayohayo uzito ukiwa ndiyo adui na kifaa kikiwa kimefungwa kisipate unyevu. Mpwa wangu akimaliza chuo akaenda kutengeneza vipaza nguvu vya setilaiti, atazishika zote mbili kwa mkono wake, na atanifundisha mimi.

Tulirudi kwenye taa. Nilifuta grisi kwa spiriti, nikaweka msasa juu ya kioo na kuusugulia uso wa alumini mpaka mikwaruzo ikaisha na ukawa na rangi moja kote. Pesti nyeupe ya kawaida, tone la ukubwa wa punje ya mahindi, nikalisambaza kwa kadi ya simu ya zamani mpaka karibu alumini ionekane kwa chini. Skrubu nikakaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Mpwa wangu akabandika waya wa kupimia joto ubavuni mwa chipu. Tuliwasha. Dukani kukawa kama mchana wa Ujiji, hewa ya ndani nyuzijoto 27. Dakika ya kumi 61. Dakika ya ishirini 70. Ikasimama 73, na dakika ya arobaini ilikuwa bado 73.

Mzee alikuwa ameamka kwenye benchi kitambo, anasikiliza. "Nyie mlikuwa mnasema almasi."

"Ndiyo, mzee," mpwa wangu akasema. "Zipo za kuchanganya na shaba, zinapoza taa."

"Almasi. Kwenye taa. Mimi nikiwa katikati ya ziwa usiku." Akaanza kuizungushia waya taa yake. "Niwekeeni hiyohiyo alumini, wanangu. Nina wajukuu."